Jua Lachomoza Upande wa Kisii

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa nyama buchani kabla hujalisoma, usijali. Nitakukumbusha upesi, maana leo tuna haraka.

Okemwa, kijana wetu anayetunza wazee huko Calgary, Kanada, ametua nyumbani karibu na Kaplong akiwa na shida moja tu moyoni. Shida hiyo inaitwa Janefer. Baba yake Janefer, Mzee Omariba, ni mzee wa kanisa la Wasabato na si mtu wa kubembelezwa kwa chokoleti za ng'ambo. Alimpa Okemwa mtihani mmoja.

“Njoo Ijumaa asubuhi na mapema uchume chai na mimi,” alisema. “Nikuone mkono, nikuone na moyo. Usipokuja, Ogoti alete wazee wake.”

Ogoti unamjua. Ni yule mhubiri mwenye suti tatu na pikipiki mpya.

Tulimwacha Okemwa katikati ya chai, kikapu mgongoni, ukungu umemfika kiunoni, anachuma kwa bidii ya mtu anayeposa. Ndipo akasikia watu wakiimba nyuma yake.

Akageuka.

Walikuwa wamesimama ukingoni mwa shamba, watu kama kumi hivi, nguo safi, vitabu vya nyimbo mkononi. Mbele yao Mzee Omariba. Kando yake Ogoti na tai yake. Nyuma ya wote, kitambaa cheupe kichwani, Janefer.

Okemwa akatabasamu hadi jino la mwisho. Alidhani wamekuja kumsaidia.

“Bwakire!” akaita kwa Kikisii, salamu ya asubuhi. “Bwakire buya, mzee! Umeona nimefika mapema?”

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Mama mmoja akaanza kucheka, kisha akajifanya anakohoa.

“Okemwa,” Mzee Omariba akasema polepole, “unafanya nini?”

“Nachuma, mzee. Si ni vile tuliongea?”

“Leo ni siku gani?”

“Ijumaa.”

“Ijumaa saa ngapi?”

“Asubuhi, mzee. Si unaona hata jua linataka kutoka?” Okemwa akanyoosha mkono kwa fahari kuelekea wekundu uliokuwa nyuma ya milima.

Mzee Omariba akaufuata mkono ule kwa macho. Akautazama ule wekundu kwa muda. Kisha akamtazama kijana.

“Hiyo ni Kisii,” akasema. “Tangu nizaliwe, jua la hapa linatoka Mau, linaingia Kisii. Ama huko Kanada walikubadilishia?”

Okemwa akageuka kutazama upande wa Mau. Giza tupu. Akatazama tena Kisii, na ule wekundu ukazidi kufifia mbele ya macho yake.

Haikuwa asubuhi. Ilikuwa jioni ya Ijumaa, jua limezama, Sabato imeingia, watu wametoka kuipokea kwa nyimbo. Naye yuko hapo mbele ya mzee wa kanisa, anafanya kazi!

Sasa msomaji usimcheke sana. Usiku wa kuamkia Ijumaa Okemwa hakupata hata lepe la usingizi. Alihesabu mabati ya paa la mama yake mpaka akayajua kwa majina. Mwili wake ulikuwa bado Calgary, na Calgary wakati huo watu walikuwa wanakula chakula cha mchana. Kulipokaribia kucha, akajiambia, acha nifumbe macho dakika tano. Dakika hizo tano zilimaliza siku nzima.

Alipozinduka, dirishani kulikuwa na mwanga wa kijivu na ukungu. Mama yake alikuwa zizini anakamua. Akanyakua kikapu na viatu vya gambuti, akatoka mbio bila kumsalimia mtu. Na wewe uliyekulia kwenye chai unajua: kwetu huku alfajiri na magharibi ni mapacha, na ukungu ukiwavika nguo moja, hata mama yao huwachanganya.

“Amelewa,” Ogoti akasema.

“Mimi sinywi!”

“Mlevi gani alishawahi kukubali? Mzee, mnuse.”

Mzee Omariba akaingia kwenye chai na suti yake, akasogea hadi pua yake ikakaribia shavu la Okemwa. Akanusa. Watu wote wakangoja.

“Ananuka usingizi tu,” akasema.

“Ni jet lag, mzee,” Okemwa akaidaka nafasi hiyo. “Ukitoka mbali na ndege, mwili unabaki nyuma. Huku mchana, wewe unalala. Huku usiku, wewe uko macho kama bundi. Inaisha baada ya siku kadhaa.”

“Asubuhi nilikungoja hapa,” mzee akajibu. “Na vikapu viwili. Nikangoja mpaka umande ukakauka. Unajua nani alikuja kubeba hicho cha pili?”

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Ogoti alikuwa anajitazama vidole, na vidole vyenyewe bado vilikuwa na weusi wa utomvu wa chai.

“Na sasa,” Ogoti akaongeza kwa sauti ya mimbari, “Sabato imeingia huyu akiwa na mikono ndani ya chai ya mzee wa kanisa. Chai ya mzee wa kanisa, jamani!”

“Nani amesema hiyo chai ni ya mzee wa kanisa?”

Sauti ilitoka kwenye mikaratusi. Alikuwa Johana, jirani Mkipsigis, koti refu, tochi mkono mmoja na rungu mkono wa pili. Mbwa wake alikuwa ameshafika kabla yake na kuanza kunusa gambuti za Okemwa.

“Chamgei, jirani,” akamsalimia Omariba. Kisha akamulika tochi kwenye kikapu. “Mimi naambiwa kuna mtu ndani ya chai yangu. Nakuja mbio, nakuta kanisa. Mnachuma chai yangu na wimbo?”

“Yako?” Okemwa akauliza kwa sauti ndogo.

“Mpaka ni hii mikaratusi. Wewe umeshavuka zamani.”

Naam! Miaka mitatu ng'ambo, na kijana alikuwa amesahau hata mpaka wa shamba la watu anaotaka wawe wakwe zake.

Ogoti akapiga makofi mara moja. “Mwizi juu ya mvunja Sabato! Mzee, kwani unangoja ushahidi gani mwingine?”

Hapo Okemwa aliona Kanada, akaona Janefer, akaona kituo cha polisi, vyote kwa pamoja. Siku hizi mwizi wa chai mbichi haulizwi jina.

Lakini Johana alikuwa amemmulika Okemwa tochi usoni. “Ngoja kwanza. Si huyu ni kijana wa huyo mama hapa chini? Yule alienda na ndege?” Akashusha rungu. “Ah! Huyu si mwizi. Mwizi anachuma vizuri. Angalieni hii kitu!” Akachota majani kikapuni na kuyainua juu. “Majani tano, sita, badala ya mbili, na miti yake! Hii ni chakula ya mbuzi!”

Watu walicheka, wakacheka, mpaka vitabu vya nyimbo vikaanguka. Hata Mama Gesare, mke wa Mzee Omariba, alilazimika kumshika mwenzake bega.

“Basi kikapu nitachukua mimi,” Johana akamaliza. “Sabato si yangu, mimi ni wa Jumapili. Nitachambua, yenye itafaa nipeleke kesho. Yenye haifai tumpatie mbuzi. Kijana, asante kwa kazi.”

Okemwa alitaka kumkumbatia. Alidhani dhoruba imepita.

Haikuwa imepita. Mzee Omariba hakuwa amecheka.

“Mimi sina shida na chai,” akasema. “Chai ni majani tu. Shida yangu ni hii. Mtu huyu, mchana wetu ni usiku wake. Anakuja hapa wiki tatu, anarudi. Binti yangu ataolewa na nani? Na mtu ama na usingizi?”

“Mzee, nitamchukua twende naye, makaratasi yakikubali...”

“Na yasipokubali?”

Okemwa akaanza kuhesabu miezi kwa vidole vyake.

“Nimemaliza,” mzee akasema. “Ogoti, Jumapili ulete...”

“Baba.”

Janefer alikuwa amepita katikati ya watu. Hakupaza sauti. Janefer ni mwalimu wa nasari, amezoea kunyamazisha watu arobaini bila kupaza sauti.

“Baba, unakumbuka mwaka juzi ukinipeleka hospitali?”

“Nakumbuka. Mara mbili.”

“Kwa nini ulinipeleka?”

“Ulikuwa unasinzia. Kanisani unasinzia, mezani unasinzia. Walimu wenzako walisema watoto wakilala mchana na wewe unalala na wao. Wakakupima malaria, wakakupima damu, wakakupa vidonge. Kanisa lote lilikuombea.”

“Mimi ndiye niliongoza hayo maombi,” Ogoti akakumbusha.

“Asante, ndugu Ogoti. Lakini sikuwa mgonjwa.” Janefer akamgeukia baba yake. “Huyu akitoka kazini huko, hapa ni usiku wa manane. Ndio saa anapata ya kupiga simu. Kila siku, baba. Nimekuwa nikiamka, naenda jikoni nisiwaamshe, naongea na yeye mpaka kunakaribia kucha. Halafu naoga naenda shule. Hiyo jet lag mnacheka hapa, mimi niko nayo miaka mitatu. Na sijapanda ndege hata siku moja.”

Mbwa wa Johana peke yake ndiye aliyeendelea na shughuli zake.

Okemwa alimtazama Janefer. Miaka mitatu alikuwa akisikia sauti hiyo ikimwuliza umekula nini, umefanya nini, wazee wako wanaendeleaje. Hakuwahi hata siku moja kuuliza huko kwenu ni saa ngapi. Aliona haya, haya ya kweli.

Mzee Omariba akageukia mke wake. “Wewe ulijua?”

“Nusu,” Mama Gesare akasema.

“Nusu gani?”

“Ile ya jikoni.”

“Mtoto wangu anakesha miaka mitatu chini ya paa langu,” mzee akasema taratibu, “na mimi niko hapo nimelala, nakoroma. Halafu naenda kununua vidonge.” Akatoa leso, akapangusa uso mzima, na watu wakatazama pembeni kwa heshima.

Alipoirudisha mfukoni, alikuwa mzee wa kanisa tena.

“Okemwa, njoo karibu. Mkono wako nimeuona, ni aibu, hiyo tuache. Nataka kujua kitu kimoja tu. Binti yangu amefuata saa yako miaka mitatu. Wewe unaweza kufuata saa yetu siku moja?”

“Naweza, mzee!”

“Usinijibu na mdomo. Kesho uje kanisani, benchi ya mbele, asubuhi mpaka jioni. Ukimaliza bila kusinzia, Jumapili lete watu wako tuongee. Ukisinzia...” Hakumalizia. Alimtazama Ogoti.

Mara kila mtu akawa daktari.

“Akae juani asubuhi!”

“Asiguse kahawa jioni hii!”

“Akikaribia kusinzia ajifinye paja!”

“Mpeni mursik, maziwa ya mgando!” mama mmoja akaita.

“Hapana!” Johana akaruka. “Mursik inalaza hata fahali! Mkitaka alale leo usiku, mniambie nilete kibuyu. Kesho asionje.”

Janefer ndiye aliyezungumza kama mtu anayejua. “Kula wakati watu wanakula, hata kama huna njaa. Kukicha toka nje, jua likupige kwa uso. Tembea. Macho yakiungua mchana, osha na maji baridi, lakini usilale, hata dakika tano. Hiyo dakika tano ndiyo inaua.”

“Nimesikia,” Okemwa akasema. Angemwambia atembee kwa magoti mpaka Kipkelion, angekubali.

“Na mhubiri wa kesho ni nani?” Johana akauliza, kwa udadisi tu wa mtu wa Jumapili.

Ogoti akanyoosha tai yake.

“Ni mimi,” akasema. “Nilikuwa nimepanga somo fupi. Lakini nikisimama hapa nasikia moyo unanisukuma. Nitaanzia uumbaji, niende polepole, mpaka Yesu kuja mara ya pili.”

Mama Gesare akafumba macho, kama mtu ambaye ameshayasikia mahubiri hayo.

Watu wakaanza kuondoka wakiimba tena. Okemwa akamkimbilia Janefer kwenye kijia.

“Janefer. Pole. Kwa yote. Leo nikifika nyumbani nitakupigia...”

“Usinipigie,” Janefer akasema. Alimtazama kidogo, kwa upole, kama anavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. “Leo nataka kulala.”

Akamfuata baba yake.

Okemwa aliteremka bonde mwepesi kama kijana aliyekubaliwa tayari. Umeona mwanamke? Amesimama mbele ya kanisa, mbele ya baba yake, akamtetea! Alivuka kijito kwa hatua moja. Macho yake yalikuwa makavu na maangavu, hayana habari na usingizi, lakini hilo hakulifikiria. Usingizi ungekuja wenyewe.

Mama yake alikuwa ameshaandaa ugali na mboga ya managu. Okemwa akanawa, akala kila kitu, kwa sababu Janefer amesema kula wakati watu wanakula. Akamsimulia mama kisa chote, kuanzia jua la Kisii hadi mbuzi wa Johana. Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Kisha Okemwa akakumbuka jambo, na mkono ukasimama hewani.

“Lakini mama, mimi nilikuomba uniamshe. Nilikuambia hata usiku, nikilala niamshe kabla hakujakucha. Kwa nini hukuniamsha?”

“Nilikuja kukuamsha.”

“Na?”

“Nikaambiwa nikuache ulale.”

Okemwa akasukuma sahani. Damu ikampanda. “Ogoti!” akasema. “Lazima ni Ogoti! Alipita hapa na pikipiki yake, akakudanganya, ndipo akaenda kuchukua kikapu changu. Halafu kesho anapanda mimbari! Ngoja Janefer asikie hii.”

“Okemwa, ngoja...”

“Sitangoja, mama. Najua amesema nisipige, lakini hii hawezi kulala bila kuijua.”

Akatoa simu, akabonyeza jina la Janefer, akaiweka sikioni.

Ikaita.

Iliita sikioni mwake, na ikaita mahali pengine pia. Karibu. Mle mle ndani ya nyumba.

Okemwa akaishusha simu taratibu. Mlio ulikuwa unatoka kwenye kabati ya vikombe, chini ya kile kitambaa cha maua alichoshona mama. Akainuka, akakiinua kitambaa.

Ilikuwa ile simu aliyomtumia Janefer kutoka Calgary mwaka wa kwanza, ili wawe wanasikilizana vizuri. Chaja yake ilikuwa imekunjwa vizuri kando, na kwenye kioo jina lake mwenyewe lilikuwa linawaka.

“Janefer alikuja wakati nakuja kukuamsha,” mama yake akasema nyuma yake. “Jua lilikuwa halijatoka. Alisimama hapo mlangoni akikuangalia vile umelala. Alikuangalia muda mrefu. Nikamwambia, sasa nimwamshe, baba yako anamngoja. Akasema hapana, mama, mwache tu alale, na mimi nimechoka kukesha. Akaweka hiyo simu hapo, akaenda.”

Simu ikaendelea kuita. Okemwa hakuikata.

“Mimi nilifikiria mmeongea,” mama akasema. “Kwani hamkuongea?”